Msamiati wa Ukopaji: Maneno Anayoyatilia Sahihi Mkulima wa Ntimaru

Utangulizi

Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii huchukuliwa kuwa onyo dhidi ya tabia ya mkopaji. Hata hivyo, ipo sababu nyingine igeuzayo arusi kuwa matanga, nayo ni mkopaji kutoelewa maneno aliyoyaridhia. Suala hili linadhihirika Ntimaru, katika Kuria Mashariki, kaunti ya Migori. Wenyeji wengi huzungumza Kikuria nyumbani na Kiswahili sokoni na katika biashara ya mpakani na Tanzania, ilhali mikataba mingi ya mikopo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Makala hii inafafanua istilahi za msingi za ukopaji na kuonyesha namna neno moja linavyoweza kumgharimu anayelitilia sahihi.

Kuazima na kukopa

Kiswahili hutofautisha vitenzi hivi viwili. Aazimaye jembe hurudisha jembe lilo hilo. Akopaye debe la mahindi huyala, kisha akarudisha mengine ya kiasi hicho. Fedha hukopwa, haziazimwi. Inafaa kukumbuka pia kwamba kopa, katika baadhi ya kamusi, lina maana ya pili: kupata kitu kwa hila.

Mkopo unaweza kujificha nyuma ya jina jingine. Katika kilimo cha tumbaku cha mkataba, ambacho kimeenea Kuria kwa miongo mingi, mkulima hupewa mbegu, mbolea na dawa, kisha gharama yake hukatwa katika mauzo. Huitwa pembejeo, lakini kwa hakika ni mkopo wa mali unaolipwa kwa mavuno. Mkulima asiyeuliza bei ya pembejeo siku ya kupokea huijua siku ya kukatwa.

Riba na ada

Riba ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuongezeka. Ni nyongeza inayolipwa juu ya mtaji, yaani kiasi kilichokopwa. Swali la kwanza ni: riba hiyo hukokotolewa juu ya kiasi gani? Tuchukue mkopo wa shilingi 12,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, itakuwa shilingi 1,440. Ikitozwa juu ya salio linalopungua, mkopaji akirejesha shilingi 1,000 za mtaji kila mwezi, riba itakuwa shilingi 780. Asilimia ni ile ile, lakini mzigo unakaribia kuwa maradufu.

Ada ni malipo ya huduma. Mpaka baina yake na riba ni mwembamba. Huduma ya M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mkopaji wa shilingi 1,000 alirejesha 1,075. Ada hiyo ikirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima, hufikia asilimia 90. Sheria ya mwaka 2016 iliwekea kikomo riba za benki, hadi ilipobadilishwa mwaka 2019. Lakini kwa kuwa malipo ya mkopo wa simu yaliitwa ada, yaliendelea kutozwa. Hapa jina ndilo lililoamua.

Fuliza nayo, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mteja wa M-Pesa kulipa zaidi ya salio lake. Katika kamusi, fuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Maana hiyo yafaa kuzingatiwa, kwani deni lisilolipwa upesi huongezewa ada ya kila siku.

Dhamana, mdhamini na rehani

Dhamana ni kinga ya mkopeshaji. Mdhamini si shahidi tu wa tabia njema. Ni mtu aliyekubali kulipa mkopaji akishindwa. Katika chama cha akiba na mikopo, akiba ya mdhamini yaweza kukatwa.

Rehani ni mali iliyofungwa kwa deni, kwa mfano hati ya shamba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke wa mwenye mali. Aidha, anayeshindwa kulipa hupewa ilani ya siku zisizopungua 90 ili alipe, kisha nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya mnada. Asiyeielewa ilani hupoteza siku hizo.

Kadi

Kadi ya kawaida ya benki hutoa fedha za mteja mwenyewe. Kadi ya mkopo hutoa za benki, hadi kikomo kilichowekwa. Anayelipa deni lote kwa wakati kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi. Anayelipa kiwango cha chini pekee hubaki mdeni, na riba huendelea juu ya salio.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kumpa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Haki hizo mbili zinakutana katika mkataba wa mkopo. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapa: kutafsiri mikataba hiyo kwa maneno ambayo mkulima wa Ntimaru atayaelewa kabla ya kutia sahihi. Dawa ya deni ni kulipa. Kinga yake ni kuelewa.