Nizwa: Mji unaoishi kwa zamu ya maji

Mkulima wa Nizwa akifikiwa na zamu yake ya maji huenda kwenye mfereji, akainama, akang'oa jiwe lililozungushiwa matambara ambalo lilikuwa limeziba njia ya kuingilia shambani kwake. Jiwe lile lile analipachika upande wa pili. Maji husita kidogo, yakajikusanya, kisha yakageuka na kuteremka kwenye mitende. Muda wa haki yake ukiisha, jiwe linarudi lilipokuwa, kwani jirani amekwisha kufika na jembe begani. Hakuna askari wala bomba lenye mita. Kwa jiwe hilo na matambara hayo, mji mzima umeishi jangwani zaidi ya miaka 1,000.

Nizwa iko bara ya Oman, mkoa wa Dakhiliya, kama kilomita 150 kutoka Maskati, chini ya Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Nyuma yake ni safu ya milima ya Hajar, yenye kilele cha Jabal Shams kinachopita mita 3,000. Mbele, ukielekea kusini, nchi inafunguka kuwa tambarare kavu ya mawe na mchanga, na huko ndiko jangwa kubwa lilipo. Mvua ni chache na haina ahadi. Lakini ikinyesha milimani, sehemu yake huzama kwenye mwamba na changarawe, ikakaa huko chini kama akiba. Watu wa Nizwa walijifunza kuifuata akiba hiyo ilipojificha.

Njia waliyoitumia inaitwa falaji. Mafundi huchimba kisima mama karibu na mlima mpaka wayafikie maji, halafu wakachimba njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, kiasi cha maji kutembea yenyewe bila kuharibu udongo. Kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la kutolea mchanga na kuingizia hewa. Maji hutembea gizani kwa kilomita kadhaa, jua lisiyaguse, hadi yatokeze juu pale mji ulipo. Hakuna pampu, hakuna mafuta, hakuna umeme. Oman bado ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mojawapo ni Daris, mama wa mashamba ya Nizwa. Nyingine, Khatmeen, iko Birkat al-Mawz, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Uchimbaji ni kazi kubwa, lakini kwangu mimi ajabu ya Nizwa ni namna maji yanavyogawanywa. Yakishatokeza juu, mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa, na hapo kila mtu ana haki, mwenyeji na mpita njia, mwenye shamba na asiye nalo. Kisha yanapita msikitini kwa ajili ya udhu, na mahali pa kuogea. Ndipo yanaingia mashambani. Huko kila mwenye haki ana muda wake. Kipimo kidogo kinachotumika sana huitwa athar, ambacho ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa wima, na usiku kwa nyota. Alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuijua nyota gani imechomoza nyuma ya kilima gani, na kwa neno lake shamba la mtu lilipata maji au lilikosa. Leo wengi wanatumia saa ya mkononi, ila daftari la zamu ni lile lile.

Falaji ina wakili wake wa kuisimamia, ina arifu wa kupanga zamu, ina dalali wa kunadi. Ndiyo, maji yananadiwa. Baadhi ya zamu ni mali ya falaji yenyewe. Hizo hupigwa mnada, na fedha inayopatikana hulipia usafishaji na ukarabati. Zamu nyingine ni wakfu wa misikiti au wa kusomesha. Mtu anaweza kuuza shamba akabaki na maji yake, au akarithi maji bila shamba. Sisi tuliozoea kugombana bombani alfajiri na madumu mkononi tuna la kujifunza hapo.

Adui wa Oman pia walijua uhai wake ulipo. Waibadhi, watu wa madhehebu ambayo kwa kanuni yalimchagua imamu wake kwa shauri badala ya kurithishana, waliufanya Nizwa makao makuu mwishoni mwa karne ya 8, na ndipo ulipopata jina la Yai la Uislamu. Karne moja baadaye, majeshi ya Khalifa wa Baghdad yaliivamia nchi chini ya jemadari Muhammad bin Nur. Wanahistoria wa Oman wameandika kwamba aliua, alichoma vitabu, na alizifukia falaji. Hawakumsamehe hilo la mwisho. Jina la baba yake, Nur, ambalo maana yake ni nuru, walilibadili wakamwita Muhammad bin Bur, mwana wa uharibifu, na vitabuni mwao amebaki na jina hilo mpaka leo.

Mji ulifufuka kwa sababu falaji zilifufuliwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja tunayemjua kwa habari zake za Mombasa na Kilwa, aliondoka Kilwa mwaka 1331, akapita Dhofar, kisha akafika Nizwa. Alikuta mji chini ya mlima, umezungukwa na bustani na mito, masoko mazuri na misikiti safi. Kilichomshangaza ni kwamba watu walikula pamoja katika nyua za misikiti, kila mtu akileta alichonacho, na msafiri akakaribishwa. Mimi naona maji na chakula hapo vilifuata kanuni moja.

Ngome ambayo leo iko kwenye kila picha ya Nizwa ilikuja baadaye. Ilijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Inasemekana kazi ilichukua miaka 12. Mnara wake wa mviringo una kipenyo cha zaidi ya mita 30, na sehemu yake ya chini imeshindiliwa mawe na udongo ili mizinga isiuangushe. Ngazi ya kupandia ni nyembamba na imepinda, ina milango mizito mmoja baada ya mwingine, na juu ya milango kuna matundu. Kwenye matundu hayo walimwaga asali ya tende iliyochemshwa. Asali hiyo ilipatikana humo humo ndani: tende zilipangwa kwa magunia ghalani, uzito wa magunia ukazikamua, na utomvu ukatiririka kwenye vijifereji vya sakafuni hadi mtungini. Siku za amani ilikuwa chakula.

Mwana wa imamu huyo, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu Machi 1696 hadi ikaanguka Desemba 1698. Nyumbani kwao anakumbukwa zaidi kwa falaji alizochimba na kutengeneza na kwa mitende mingi aliyopanda. Tangu hapo pwani yetu na bara ya Oman hazikuachana. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Manga, na neno limebaki katika pilipili manga na njiwa manga. Lakini lazima tuseme na la uchungu: bahari ile ile iliyoleta wafanyabiashara, makadhi na washairi ilichukua watu wetu utumwani, na wengi waliishia kufanya kazi katika mashamba ya mitende ya Oman. Utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1970 tu. Asiyeyataja hayo anaposifu uzuri wa bustani hizo anaieleza nusu ya habari.

Karne iliyopita haikuwa shwari. Mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 uliwaachia Waomani wa bara mambo yao chini ya imamu, na Sultani wa Maskati akabaki na pwani. Imamu al-Khalili alipofariki mwaka 1954, mkataba huo ukavunjika. Askari wa Sultani Said bin Taimur waliingia Nizwa Desemba 1955. Mwaka 1957 bara iliasi, na ndege za Uingereza, zikimsaidia Sultani, zikaishambulia ngome. Vita viliishia juu ya Jabal Akhdar mwaka 1959. Baada ya Sultani Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970, nchi iliyokuwa na shule 3 tu iliwaita watoto wake waliokuwa ng'ambo. Maelfu walirudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na hata Burundi, na Kiswahili kinywani. Ndiyo maana hadi leo usishangae kusalimiwa "hujambo" katika duka la halua huko Dakhiliya.

Siku ya kuuona mji ni Ijumaa asubuhi. Mbuzi huletwa mnadani, wauzaji wakawazungusha huku wanunuzi wamekaa duara. Anayetaka kununua humsimamisha mwenye mbuzi, humshika mnyama meno, humpapasa mgongo, kisha hutaja bei au humwacha apite. Kabla ya swala kila kitu kimekwisha. Jirani na hapo kuna wafua fedha na majambia yao, wauza tende za khalasi na fardhi, na harufu ya iliki kutoka kwenye buli za kahawa. Mtaa wa kale wa al-Aqr, uliokuwa ukibomoka, umeanza kuamka: wenyeji wamejiunga, wamezitengeneza nyumba za udongo, wamezifanya za wageni.

Hatari sasa ni visima vya pampu. Mwenye fedha anaweza kuchimba kisima kirefu na kuvuta maji usiku na mchana, bila zamu wala arifu wa kumwambia basi. Maji ya chini yakishuka kuliko kitako cha kisima mama, falaji hukauka, na ikikauka mwenye zamu ya nusu saa ndiye wa kwanza kupoteza mitende yake. Serikali ya Oman imeweka sheria za visima, na inafaa izisimamie kwa nguvu zote.

Msomaji ukijaliwa kwenda Oman, usiishie Maskati. Nenda Nizwa Alhamisi jioni, ulale huko. Alfajiri, kabla hujaenda kwenye mbuzi, pita kwanza falaji ya Daris, uweke mkono majini.