Je, Kuzidisha Protini Kwazidisha Misuli?

Imekuwa ada katika siku zetu hizi kumwona kijana aliyeanza kunyanyua vyuma akiingia nyumbani na kopo kubwa la unga, lenye picha ya mtu aliyefura kifua na mikono. Huukoroga unga ule kwa maji au maziwa, akaunywa asubuhi na jioni, akiitakidi kwamba kila kijiko kitageuka kuwa mnofu. Fedha ya kopo moja yaweza kuilisha nyumba nzima maharage na dagaa kwa siku nyingi. Basi suala hili si la kijana peke yake. Ni la baba atoaye fedha na la mama apimaye chakula jikoni.

Dhana hii ina umri mrefu. Katika karne ya 19 mwanachuoni mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba msuli ufanyapo kazi hutumia protini yake wenyewe kama moto utumiavyo kuni, na kwa hivyo mtu wa kazi ngumu hana budi kula nyama nyingi ili kurudisha kilichoungua. Wengi waliyakubali maneno hayo kwa ukubwa wa jina lake kuliko kwa ushahidi. Mwaka 1865 wanachuoni wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliazimia kuyajaribu kwa miili yao wenyewe. Waliukwea mlima Faulhorn katika nchi ya Uswisi, mwendo wa kupanda karibu mita 2,000, nao tangu siku iliyotangulia walijizuia na chakula chenye protini, wakala vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, na chai yenye sukari. Mkojo wao waliuhifadhi wote, kwa kuwa protini ikiungua mwilini huacha naitrojeni, na naitrojeni hiyo hutoka kwa njia ya mkojo. Walipopiga hesabu waliona kwamba protini iliyoungua haikuweza kabisa kutosha kuwafikisha kileleni. Nguvu ilitoka katika wanga na mafuta.

Kumbe protini si kuni, bali ni mawe ya jengo. Msuli unapobebeshwa mzigo usiouzoea, mwili hupata amri ya kuuimarisha, na hapo ndipo huchukua protini kutoka katika chakula na kuijenga. Pasipo mzigo hapana amri. Mawe na chokaa vikirundikwa uwanjani bila ya fundi, nyumba haisimami. Na hata fundi akiwapo, mawe yaliyozidi haja ya ukuta hubaki nje. Tena mwili hauna uwanja wa kuwekea protini ya ziada: ini huiondoa naitrojeni yake, figo huitoa, na kilichosalia huunguzwa au hugeuzwa mafuta. Kwa hiyo kijana anayekunywa kopo na kuketi barazani ananunua mkojo wa ghali.

Hata hivyo haifai kulikataa jambo lote. Mtu mzima asiyefanya mazoezi hutosheka na gramu 0.8 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anyanyuaye vyuma huhitaji zaidi ya hapo. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 49 ya watu 1,863 waliofanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito. Ilionekana kwamba waliozidishiwa protini walipata nyongeza ya mwili usio mafuta kwa wastani wa gramu 300 tu kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya faida ilitokana na mazoezi yenyewe. Ilionekana pia kwamba ulaji ukipita kiasi cha gramu 1.6 kwa kilo, hapakuwa na faida iliyozidi.

Sasa na tumpimie kijana wa kilo 60. Kipimo chake cha juu ni gramu 96. Mayai mawili yana gramu 12, bilauri ya maziwa ina 8, sahani ya maharage yaliyopikwa ina kiasi cha 17, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 25. Ugali nao, ambao watu huudharau, ukipikwa kwa gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku nzima huleta kama gramu 30. Jumla ni zaidi ya 90, na kopo halijafunguliwa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, lakini maharage yana laisini kwa wingi. Hivyo aliye na ugali na maharage amekamilishiwa na desturi ya wazee wake bila ya kujua.

Wako waogopao kwamba saumu ya Ramadhani itawayeyusha misuli. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko saa ya kula, na baina ya futari na daku pana nafasi ya kutosha kwa chakula nilichokitaja.

Na unga wa kopo wenyewe ni nini? Mara nyingi ni maji yatokayo katika maziwa yanapogandishwa kuwa jibini, yakakaushwa. Ni chakula, si dawa wala sumu. Aliye mbali na jiko atanufaika nao, ila asome maandishi ya kopo, khasa akinunua vidonge, maana maganda yake huweza kutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Mwenye maradhi ya figo asizidishe protini kabla ya kumwuliza daktari.

Mimi naona watu wamesahaulika katika mjadala huu, nao ni wazee. Msuli wa mzee huitikia protini kwa uzito kuliko wa kijana, na mwaka 2013 jopo la wataalamu lilishauri wapewe gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, pamoja na kujishughulisha. Lakini katika nyumba nyingi bibi hunywa chai na mkate mkavu, akisema hana hamu, na samaki wake hupewa mjukuu mwenye kopo chumbani. Kipande kile ni haki ya bibi; achambuliwe miiba, alainishiwe kwa mchuzi wa nazi, na yai la asubuhi liongezwe.