Baridi husingiziwa: soko la betri za magari Iringa na Mbeya

Biashara ya betri Nyanda za Juu Kusini ina msimu wake. Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, asubuhi za Iringa hushuka hadi karibu nyuzi 10, Mbeya na Njombe chini ya hapo, na ukipita Kihesa au Gangilonga mapema si ajabu kukuta watu wanne wanasukuma Noah iliyolala nje. Mafundi umeme wa magari wanaitwa huku na huku, nyaya za kuboosti begani. Maduka ya vipuri ya Miyomboni na Mashine Tatu, kama yale ya Mwanjelwa kule Mbeya, hupanga betri hadi barazani. Mteja naye anafika na hukumu mkononi: betri imeuawa na baridi.

Hukumu hiyo inauza betri nyingi, lakini imemkamata asiye na hatia. Baridi huiumbua betri iliyokwisha kuchoka. Kinachoichosha ni joto, na joto la kuichosha kiasi hicho liko chini ya mlima Kitonga.

Betri ya gari letu ni ya risasi na asidi, uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika sana tangu hapo. Ndani mna seli 6, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo, hivyo betri iliyojaa na kupumzika hupima kama volti 12.6. Umeme hutokana na kemia kati ya plati za risasi na asidi, na kemia hiyo hupungua kasi hewa ikipoa. Kwenye nyuzi sifuri hata betri mpya hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake za kuwasha. Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito na selfu inadai umeme zaidi. Betri nzima inamudu hali hiyo bila shida, kwa kuwa Iringa mjini hatufiki sifuri. Iliyobakiwa na nusu ya uwezo ndiyo inayokwama.

Nusu iliyopotea ilianza kupotea muda mrefu kabla ya Juni. Kanuni ya jumla ya wataalamu ni kwamba joto la betri likiongezeka nyuzi 10, uharibifu wa ndani huenda karibu mara mbili. Gari linalotoka Dar es Salaam, likapita Morogoro na Mikumi mchana, likashuka bonde la Ruaha Mbuyuni kisha likapanda Kitonga kwa gia nzito, huipika betri yake chini ya boneti kwa saa nyingi. Kutu inakula plati, maji yanakauka. Likifika Ilula upepo ni mzuri na dereva hana habari. Miezi 8 baadaye, asubuhi moja ya Julai, gari linatoa mlio wa "tik" na kunyamaza.

Marekani wamelijua hili siku nyingi: katika majimbo ya kusini yenye joto kali betri huhesabiwa kuishi kama miaka 3, na kaskazini kwenye theluji hufika 5 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, gari linaloshinda Iringa, Mafinga au Mbeya lilipaswa kuwa na betri ya kudumu kuliko la Kariakoo. Hali ya hewa yetu ni rafiki wa betri. Mwenye gari la mjini anayebadilisha betri kila mwaka anatakiwa ajiulize kilicho nyuma ya hilo, na mara nyingi jibu liko katika mambo mawili: betri aliyouziwa, na gari alimoifunga.

Tuanze na dukani. Betri zinazouzwa hapa zimesafiri mbali. Rocket na Solite zinatoka Korea Kusini, Amaron inatoka India, Chloride Exide inatengenezwa Nairobi katika kiwanda cha Associated Battery Manufacturers, na nyingine nyingi zinatoka China kwa majina yanayobadilika kila meli inapotia nanga. Zinazokuja kwa meli hupita bandari ya Dar es Salaam, zinakaa ghala la Kariakoo, kisha zinapandishwa huku kwenye mizigo ya maduka. Sehemu kubwa ya gharama ya kuitengeneza betri ni risasi yenyewe, ambayo ni kama asilimia 60 ya uzito wa betri na bei yake hupangwa kwa dola katika soko la metali la London; kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia dola 2,000 kwa tani. Dola ilipopanda kutoka karibu sh 2,300 mwanzoni mwa 2023 hadi kupita sh 2,600 katikati ya 2024, betri nazo zilipanda, hata kama London hapakuwa na kilichobadilika.

Mwenye duka la mkoani anakabiliwa na tatizo ambalo mwenzake wa Dar halioni sana. Saizi za magari ya kawaida, kama NS60 ya gari dogo au N70 ya pikapu na magari makubwa kidogo, zinatoka haraka. Zile zisizoulizwa mara kwa mara hukaa rafuni. Betri iliyokwisha kutiwa asidi haitulii hata ikiwa haijaguswa: hujipunguza chaji kidogo kidogo kila mwezi, na ikishuka chini ya volti 12.4 hivi, chembe za salfeti huanza kugandamana kwenye plati. Zikikomaa hazitoki tena kwa chaji ya kawaida. Ndiyo maana betri "mpya" iliyokaa mwaka mmoja dukani bila kuchajiwa inaweza kuwa dhaifu kuliko ya mtumba iliyotunzwa. Duka makini lina chaja na linaizungusha kwenye betri zake. Ukiingia dukani hujaiona chaja wala kipimo, uliza. Jibu utakalopewa litakueleza mengi kuhusu bidhaa kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lihusu umri. Karibu kila kiwanda hugonga alama ya mwezi na mwaka kwenye mfuniko, ubavuni au hata kwenye nguzo. Kila kiwanda kina mtindo wake, na muuzaji anayeijua kazi yake atakusomea. Zaidi ya miezi 6 tangu itengenezwe, dai ipimwe mbele yako: volti ikiwa imetulia, kisha volti ikiwa inawasha gari. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati selfu inazunguka, irudishe rafuni.

Swali la pili ni saizi, na hapa magari yetu ya Japani yanasaidia kwa sababu herufi za betri zao zina maana. Chukua 55D23L. Namba ya kwanza ni kipimo cha uwezo, D ni upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L au R ni upande wa nguzo. Ukikosea herufi ya mwisho, waya wa chanya haufiki, na hapo fundi anaanza kuunga nyaya na kutafuta balaa. Ukikosea namba ya kwanza kwa kushuka chini ili kuokoa pesa, umenunua betri inayofanya kazi ya mtu mzima kwa nguvu za mtoto. Magari mapya kidogo yanayojizima yenyewe kwenye foleni, kama baadhi ya Mazda CX-5 zinazotumia Q-85, yanahitaji betri ya aina hiyo hasa. Ya kawaida inaingia na gari linawaka, ila haidumu.

Kuna na kile kipimo cha nguvu za kuwasha kwenye baridi kinachoandikwa CCA. Kinapimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kitulo haiijui, lakini ni namba nzuri ya kulinganishia betri mbili za saizi moja zilizosimama bega kwa bega.

Ugomvi wa betri za maji na zile zilizofungwa umekuzwa mno. Zilizofungwa nazo zina asidi ndani. Tofauti ni kwamba hazikauki haraka na huwezi kuzifungua. Za maji zinadai uangalizi kila mwezi au miwili, na zinajazwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoharibu plati. Kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka ni kosa lingine la gereji: kipimo kitaonyesha imepona, na wiki chache baadaye plati zitakuwa zimeliwa. Kwa mwenye daladala anayeifungua boneti kila jioni, ya maji bado ni chaguo la busara. Kwa mwalimu anayeendesha IST kutoka Mkwawa hadi mjini na kurudi, ningemshauri iliyofungwa.

Sasa bei. Mteja wetu wa kawaida hulinganisha bei mbili za rafuni na kuchukua ya chini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, betri moja ni sh 150,000 na nyingine ni sh 260,000. Ya kwanza ikidumu mwaka mmoja, imegharimu sh 12,500 kwa mwezi. Ya pili ikidumu miaka 3, ni kama sh 7,200. Kwa gari la biashara ongeza asubuhi moja au mbili ambazo hesabu ya tajiri haikutimia kwa sababu gari halikuwaka, na ile ya bei rahisi inazidi kuwa ghali. Hesabu hii hata hivyo inasimama juu ya waranti, na waranti inasimama juu ya risiti. Bila risiti ya EFD yenye jina la duka, tarehe na aina ya betri, maneno ya "ikisumbua ilete" hayana pa kushikiwa. Kwa bidhaa bandia zipo taasisi, Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango (TBS), lakini nazo zitauliza risiti kwanza.

Upande wa pili ni gari. Betri bora ikifungwa kwenye gari lenye alteneta mgonjwa itakufa kama ile mbovu. Injini ikiwa inaunguruma, nguzo za betri zinatakiwa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, chini ya hapo haijazwi, juu sana inapikwa. Kipimo cha kufanya hivyo ni cha bei ndogo na kila fundi umeme anacho, lakini wangapi hukitumia kabla ya kumwambia mteja anunue betri mpya? Kutu nyeupe kwenye nguzo nayo huzuia umeme, na huondoka kwa maji ya moto yenye magadi na brashi ngumu.

Njia zetu zina mchango wake. Barabara za vumbi za Mufindi na Kilolo hutikisa, na betri nyingi huku zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu badala ya chuma chake. Mtikisiko huo huangusha unga wa plati chini ya seli hadi unaunganisha chanya na hasi, na seli moja inakufa. Betri yenye volti 10 na kidogo asubuhi, baada ya kuchajiwa usiku kucha, kwa kawaida ina seli iliyokufa. Haifufuliwi.

Wenye malori ya mbao ya Mafinga na canter za nyanya za Ilula wana ugonjwa wao. Magari mengi ya aina hiyo hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano. Mara nyingi redio au taa ya ziada ya volti 12 huchukuliwa kwenye betri moja tu. Hiyo inachoka peke yake huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi. Kisha moja ikifa, tajiri ananunua moja. Mpya na kuukuu haziendi pamoja: ile ya zamani huivuta mpya chini, na kabla ya mwaka zote mbili ni za kutupa. Kununua jozi ni maumivu ya mara moja. Mabasi nayo, tangu mfumo wa ufuatiliaji wa LATRA uwekwe, yana kifaa kinachonyonya umeme kidogo hata yakiwa yameegeshwa, na basi linalokaa siku nyingi gereji linahitaji chaja. Trekta za Ismani zinazosimama toka mavuno hadi mvua za kwanza zinahitaji hivyohivyo, au angalau kuchomolewa waya wa hasi.

Halafu kuna betri zilizowasha TV. Kabla umeme wa REA haujafika vijiji vingi, betri ya gari ilikuwa ndiyo umeme wa nyumba, ikipelekwa kuchajiwa mjini kwa baiskeli. Bado nyingine zimefungwa kwenye sola. Betri ya gari ina plati nyembamba za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ikimalizwa kila usiku, inaharibika baada ya mizunguko michache tu. Ikirudi sokoni kama "used" imesuguliwa na kupakwa grisi, hakuna jicho litakaloijua. Kipimo ndicho kitakachoijua.

Zilizokufa kabisa zina soko lao, kwa wanunuzi wa chakavu wanaopima kwa kilo. Ni biashara halali kwa mwenye kibali, kwani kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021 zinaiweka betri kuukuu chini ya macho ya NEMC. Sababu inajulikana Mombasa: mtaa wa Owino Uhuru ulitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanaharakati Phyllis Omido akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigana nacho, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe sh bilioni 1.3 za Kenya. Asidi inayomwagwa nyuma ya gereji zetu ili kupunguza uzito wa mzigo huwa imebeba risasi hiyohiyo.

Mwenye gari naye ana haki katika mzigo huo. Betri ndogo ya kilo 12 ina risasi ya kama kilo 7, ambayo kwa bei ya London ni zaidi ya sh 30,000. Mnunuzi wa chakavu hatatoa kiasi hicho, maana ana usafiri na uyeyushaji wa kulipia, lakini fundi anayekuambia "hii niachie tu nikusaidie kuitupa" anajua hesabu. Ipeleke dukani unakonunua mpya, na bei yake ikatwe kwenye risiti.