Bao likiingia, usikimbilie kumlaumu beki wa mwisho

MASHABIKI wa kandanda mjini Lodwar na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kaunti ya Turkana, hawana tofauti na wenzao wa Mombasa au Nairobi. Bao likiingia, kila mmoja huwa na jina la mkosaji mdomoni kabla mpira haujarudishwa katikati ya uwanja.

Mara nyingi jina hilo huwa la beki aliyeonekana akimkimbiza mfungaji bila kumfikia, au la kipa aliyebaki amelala chini huku mpira ukiwa wavuni.

Hata hivyo, aliyeonekana mwisho si lazima awe ndiye aliyekosea. Huenda ndiye pekee aliyeliona pengo lililoachwa na mwenzake akajaribu kuliziba, akachelewa kwa sababu kazi hiyo haikuwa yake tangu mwanzo.

Katika eneo kama Turkana, hukumu ya aina hii si porojo za kupitisha jioni. Lodwar iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi, na Kakuma iko mwendo wa kilomita 120 hivi mbele ya hapo, kwenye barabara iendayo mpaka wa Sudan Kusini. Wasaka vipaji hawafiki huko kila wiki. Kwa mkimbizi, hali imekuwa ngumu zaidi kwani kwa miaka mingi amehitaji kibali ili kutoka nje ya kambi.

Kijana anayeachwa nje ya kikosi kwa kosa lisilokuwa lake huenda asiipate nafasi nyingine ya kuonekana.

Kwamba vipaji vipo, hilo halina ubishi. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995 na kuhamia Australia mwaka 2006. Mnamo Juni 13, 2022, alifunga mkwaju wa mwisho wa Australia katika upigaji wa penalti dhidi ya Peru, na taifa hilo likafuzu kwa fainali za Kombe la Dunia nchini Qatar.

Alipoichezea Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait mnamo Oktoba 2018, aliyekuwa naye katika siku hiyo ya kwanza ni Thomas Deng, beki aliyezaliwa jijini Nairobi. Mabil ni winga. Winga hupoteza mpira mara kumi, akafunga mara moja, na watu wakamshangilia. Beki hufanya kazi safi kwa dakika 89, na akikosea mara moja huhukumiwa kwa dakika hiyo moja. Ndiyo maana swali la nani alikosea lafaa kujibiwa kwa makini.

Mchezo ambao umelichimba swali hili kwa kina ni kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Wakenya wanaufahamu kidogo kupitia kwa Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyejiunga na klabu ya Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huo hapo awali.

Katika mchezo huo, kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hushambulia kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, kisha kila mtu hujipanga upya. Kabla ya kila kipindi, walinzi wote hupewa agizo moja linaloeleza nani atalinda nini.

Maagizo hayo yamegawanyika katika mafungu mawili makubwa. La kwanza ni ulinzi wa mtu kwa mtu, ambapo kila mlinzi hukabidhiwa mpokeaji mmoja na kumfuata popote aendapo. La pili ni ulinzi wa maeneo, ambapo mlinzi hukabidhiwa sehemu ya uwanja na kumkaba yeyote anayeingia humo, kisha akamwachia mwenzake mara mpokeaji anapotoka.

Utata huzuka hapo kwenye kuachiana. Chukua mfano wa mipango miwili inayotumika sana.

Katika mpango wa kwanza, walinzi wawili wa nyuma hugawana sehemu ya mbali ya uwanja, kila mmoja nusu yake. Mlinzi wa pembeni hubaki karibu na mbele. Mpokeaji akimpita, humwacha aende kwa kuwa anajua nyuma yake kuna mtu.

Katika mpango wa pili, sehemu hiyo ya mbali hugawanywa mara tatu. Walinzi wawili wa pembeni hurudi nyuma kulinda kingo, na mlinzi mmoja wa nyuma hubaki katikati. Hapa mlinzi wa pembeni hana ruhusa ya kumwacha mpokeaji apite, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu.

Sasa tuseme wachezaji kumi wamesikia agizo la mpango wa pili, lakini mlinzi mmoja wa pembeni akadhani ni ule wa kwanza. Mpokeaji anampita, naye anasimama akiamini kuwa kazi yake imekwisha. Mpira unarushwa. Mlinzi wa katikati anauona, anakimbia mbio zake zote kuelekea ukingoni, na anafika mpokeaji akiwa tayari ameudaka.

Kamera ya televisheni hufuata mpira. Itamwonyesha mlinzi huyo wa katikati akihema nyuma ya mfungaji, na mamilioni ya watazamaji watamcheka. Yule aliyesimama hata haonekani kwenye picha.

Kutokana na hali hiyo, makocha wa ligi ya NFL hutumia picha nyingine zinazopigwa kutoka juu na kuwaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja. Tangu mwaka 2012 mashabiki pia wamewezeshwa kuzipata kwa kulipia. Kwa wengi, huo ndio wakati walioanza kuona jinsi hukumu za haraka zilivyo dhaifu.

Anayetazama picha hizo hufuata utaratibu. Kwanza, hamtazami mfungaji. Hurudi nyuma hadi kabla ya mpira kuanza, akatafuta mpango uliokusudiwa kwa kuwaangalia walinzi wote. Ikiwa kumi wanacheza mpango mmoja na mmoja anacheza mwingine, mshukiwa ni huyo mmoja.

Pili, huangalia macho yao. Anayelinda eneo huelekeza uso kwa mrushaji wa mpira, na anayelinda mtu humkazia macho mpokeaji wake. Kichwa kilichogeukia upande tofauti na vya wenzake ni ushahidi.

Tatu, huuliza kama agizo lilibadilishwa dakika ya mwisho. Washambulizi humhamisha mtu mmoja kutoka upande huu hadi ule ili kuwavuruga walinzi, nao hulazimika kupeana ishara upya. Huenda aliyekosea ni yule aliyepaswa kutoa ishara, wala si yule ambaye hakuiona.

Mfugaji wa Turkana hahitaji kufunzwa mantiki hii. Fisi akimnyakua mbuzi jioni, swali si nani alikuwa karibu na fisi. Swali ni nani alikabidhiwa upande ule asubuhi kundi lilipotolewa zizini. Na ikibainika kwamba hakuna aliyekabidhiwa, basi lawama hurudi kwa aliyegawa kazi.

Hilo la mwisho hutokea hata katika ngazi ya juu kabisa. Mnamo Januari 23, 2022, Buffalo Bills walikuwa wakiwaongoza Kansas City Chiefs kwa alama 36-33 huku sekunde 13 pekee zikiwa zimesalia. Walinzi wa Buffalo walirudi mbali nyuma na kuzilinda kingo, na sehemu ya katikati ikabaki wazi.

Mrushaji Patrick Mahomes alimpata Tyreek Hill kwa mpira wa yadi 19, kisha Travis Kelce kwa yadi 25. Harrison Butker akasawazisha kwa mkwaju wa yadi 49, na Kansas City wakashinda 42-36 katika muda wa ziada. Ukiitazama picha, unawaona walinzi wengi wakiwa pale mpango ulipowaweka. Kosa la namna hiyo halitafutwi miguuni mwa mchezaji mmoja.

Tukirejea kwenye kandanda yetu, mambo ni yale yale. Mfano ulio wazi ni mtego wa kuotea. Mabeki wanne wanasogea mbele kwa pamoja ili kumwacha mshambuliaji katika nafasi ya kuotea. Watatu wanasogea, lakini beki wa kushoto anabaki nyuma hatua mbili. Mshambuliaji anapewa pasi katikati, anakwenda peke yake na kufunga.

Atakayelaumiwa ni beki wa kati aliyeinua mkono badala ya kukimbia. Ukweli ni kwamba yeye alifuata agizo, na aliyeharibu mtego yuko mita 20 kutoka hapo, upande ambao hakuna anayeutazama. Na ukirudisha picha nyuma zaidi, huenda ukagundua kuwa kiungo alimwacha mpiga pasi bila kumkaba, ilhali mabeki hawapaswi kusogea mbele wakati mpiga pasi ana nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua.

Wakenya wanalikumbuka bao jingine lililoacha swali hili hili. Mnamo Mei 7, 2019, Liverpool waliikaribisha Barcelona uwanjani Anfield wakiwa wamelazwa 3-0 katika mkondo wa kwanza. Katika dakika ya 79, Trent Alexander-Arnold aliuacha mpira wa kona kana kwamba anamwachia mwenzake, kisha akageuka ghafla na kuupiga. Divock Origi, mwanawe aliyekuwa nyota wa Harambee Stars, Mike Okoth, akaujaza wavuni na kufanya matokeo kuwa 4-0.

Wengi walimlaumu beki Gerard Pique kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na Origi. Lakini tazama wengine. Karibu wote walikuwa hawajajipanga, baadhi wameupa mpira kisogo. Katika mpira wa kona, ulinzi hauwezi kuanza hadi kila mtu ajue anamlinda nani au analinda nafasi ipi, na ugawaji huo haukuwa umekamilika. Pique alichelewa, ndiyo, ila alichelewa pamoja na timu nzima.

Mjini Kakuma suala hili lina uzito wa ziada. Kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, imewahifadhi zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Mabeki wanne wa timu moja wanaweza kuwa na lugha nne za mama.

Kuachiana mtu uwanjani hufanywa kwa neno moja linalotamkwa kwa nusu sekunde. Beki akipaaza sauti kwa lugha ambayo mwenzake haijui vyema, au akitumia neno ambalo mwenzake analielewa vingine, mshambuliaji atapita katikati yao, na kila mmoja ataapa kuwa alitimiza wajibu wake. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Dawa yake haina gharama. Kocha achague maneno manne au matano ya Kiswahili, kama vile "wangu", "wako", "panda" na "rudi", na yafanyiwe mazoezi kama vile pasi zinavyofanyiwa mazoezi. Anayehamia kutoka timu ya Lodwar afundishwe maneno hayo kabla ya kupewa jezi.

Aidha, si lazima timu iwe na mitambo ya NFL ili kupata picha ya wachezaji wote. Simu iliyowekwa mahali pa juu nyuma ya goli, bila kuufuata mpira, itaonyesha mstari mzima wa mabeki. Picha inayopigwa kutoka pembeni huku ikiufuata mpira haisaidii sana.

Baada ya mechi, kocha amuulize kila beki peke yake, mbali na wenzake: "Ulijua kazi yako ilikuwa ipi?" Majibu yakilingana na mmoja hakuitekeleza, huyo amekosea na aambiwe waziwazi. Majibu yakitofautiana, kosa ni la mazoezi, na anayepaswa kujieleza ni kocha mwenyewe.

Bila shaka yapo mabao yasiyohitaji uchunguzi wowote. Beki akiteleza kwenye changarawe, au akizidiwa mbio na fowadi aliye hodari kumshinda, hakuna siri ya kufichua. Utaratibu huu haukusudiwi kumwondolea mtu lawama anayoistahili.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kwa beki wa miaka 17 anayesubiri kusoma jina lake katika orodha ya kikosi cha Jumamosi, haki hiyo huanza kwa kuirudisha picha nyuma kwa sekunde tano, na kumtazama yule ambaye hakuna anayemtazama.