Kufunga mota kwenye baiskeli: Umeme ni bei chee, betri ndiyo gharama

Na Mwandishi Wetu, Maswa

WAKAZI wa Nyalikungu, kata ya mjini Maswa mkoani Simiyu, hawahitaji kufundishwa faida za baiskeli. Kabla ya bodaboda, baiskeli ndiyo iliyobeba pamba kwenda chama cha msingi, maziwa kwenda mjini, mkaa, magunia ya dengu na hata mgonjwa kwenda zahanati. Huko Shinyanga na Mwanza baiskeli za abiria zilifikia kuitwa daladala. Kisha zikaja pikipiki za China na India, na mwenye uwezo akaachana na kunyonga.

Tatizo ni kwamba pikipiki inakula petroli kila siku, iwe siku ya biashara nzuri au mbaya. Ndiyo maana wachuuzi wanapaswa kuitazama njia ya tatu iliyoko katikati: kuchukua baiskeli uliyonayo na kuifunga mota ya umeme. Swali la mkulima na mchuuzi si kama inawezekana, maana inawezekana. Swali ni kama inalipa.

Ufungaji wenyewe si uchawi. Mota ya wati 250 hadi 500 inakaa katikati ya gurudumu, mahali pa habu ya kawaida. Waya zake zinakwenda kwenye kontrola, na kontrola inachukua umeme kwenye betri iliyofungwa kwenye fremu au keria. Mwendeshaji anaendelea kunyonga na mota inamsaidia, hasa kwenye mlima, upepo wa mbele na mzigo.

Tuchukue mfano wa mchuuzi anayeishi kilomita 12 kutoka sokoni. Kwa siku anakwenda kilomita 24, na kwa mwaka anafanya siku 300 za kazi, sawa na kilomita 7,200. Barabara kuu ya Mwigumbi, Maswa hadi Bariadi sasa ni lami, lakini ukiiacha tu unaingia kwenye changarawe, na baada ya changarawe udongo mweusi wa mbuga. (Ulaya na Marekani zinauzwa baiskeli za bei mbaya ziitwazo baiskeli za changarawe. Kwetu kila baiskeli ni ya changarawe, itake isitake.) Kwenye njia ya namna hiyo, ukiwa na mzigo wa kilo 30, kadiria wati-saa 15 kwa kilomita. Siku nzima ni wati-saa 360.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360 kamili, kwa hiyo itakuacha njiani siku ya upepo. Chukua ya ampea-saa 15, yenye wati-saa 540. Ikumbukwe pia kwamba hata hiyo haitakufikisha Bariadi na kukurudisha. Ni karibu kilomita 50 kwenda peke yake.

Sasa gharama. Kuchaji kwa siku, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, hakuzidi nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida wa Tanesco anayelipa karibu Sh360 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni Sh180. Walio kwenye daraja la matumizi madogo, yaani uniti 75 kwa mwezi, wanalipa chini ya hapo, ila wajue kwamba baiskeli itawaongezea kama uniti 12 au 13 kwa mwezi, na zinazozidi 75 hutozwa bei ya juu.

Sh180 kwa kilomita 24 ni Sh7 na nusu kwa kilomita. Hapo ndipo wauzaji wengi wa vifaa hivi huishia, na mnunuzi anashangilia. Lakini hesabu haijaanza.

Tuseme betri ya lithiamu ya kawaida umeipata kwa Sh600,000. Betri hiyo huhimili chaji kamili kama 500 kabla haijapungua nguvu vya kutosha kukukera. Kwa joto letu, tuipe kilomita 15,000, yaani miaka miwili ya mchuuzi wetu. Gawanya: Sh40 kwa kilomita. Betri inakugharimu zaidi ya mara tano ya umeme unaouweka ndani yake. Ongeza mota, kontrola na chaja, tuseme Sh400,000 kwa miaka minne, unapata Sh14 nyingine. Jumla ni karibu Sh62 kwa kilomita, au Sh1,500 kwa siku. Bei hizi ni za mfano. Weka zako, hesabu ni ile ile.

Pikipiki ndogo inayokwenda kilomita 45 kwa lita, petroli ikiwa Sh3,000, inakula Sh1,600 kwa safari hiyo hiyo. Yaani baiskeli ya umeme pamoja na betri yake na mota yake inagharimu pungufu kidogo ya petroli peke yake. Hujaweka oili, matairi, bima, wala mamilioni ya kuinunua pikipiki. Kwa anayefikiria kununua pikipiki ya kwenda na kurudi kazini, baiskeli inashinda bila ubishi.

Lakini kwa ambaye leo ananyonga kwa miguu yake, hesabu ni nyingine. Yeye hatumii petroli. Kwake Sh1,500 ni gharama mpya. Anachonunua ni muda: mwendo wa kilomita 12 kwa saa akiwa na mzigo unamchukua saa mbili kwa siku, na akifika kilomita 20 kwa saa anatumia saa moja na dakika 12. Ameokoa dakika 48. Je, dakika hizo zinampa zaidi ya Sh1,500? Muuza maziwa anayewahi kabla jua halijapanda, anaweza kusema ndiyo. Mwenye duka asiye na mteja kabla ya saa tatu, hapana. Na anayekwenda kilomita tano tu kwa siku asijisumbue: betri itazeeka kwa miaka kabla hajaitumia.

Wenzetu wameliona suala la betri mapema. Kigali, kampuni ya Ampersand inamwacha dereva anunue pikipiki ya umeme bila betri. Betri anabadilisha kituoni na kulipia matumizi. Kule Jinja, Uganda, shirika la FABIO limesambaza baiskeli za umeme ziitwazo AfricroozE, zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mzigo. Anayejifungia mota mwenyewe Maswa hana kituo cha kubadilishia. Hasara ya betri ni yake. Kwa hiyo kila siku ya safari aweke Sh1,000 pembeni, ikiwezekana kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ili baada ya miaka miwili awe na Sh600,000 mkononi. Asiyeweza kuiweka ajue kwamba hata hiyo betri ya kwanza hawezi kuimudu.

Mwenye fedha ya msimu wa pamba atazame betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti. Ni nzito na ghali zaidi, lakini huvumilia joto na huchajiwa mara 1,500 na zaidi. Hata ukiinunua Sh800,000 na kuitumia miaka mitano tu, inashuka hadi Sh22 kwa kilomita. Za asidi kama za gari ziache. Kwa kumalizwa kila siku hazifiki mbali, na uzito wake utaubeba wewe.

Kuhusu baiskeli yenyewe, Phoenix ina sifa zake lakini hapa inasumbua. Ringi yake ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635, wakati magurudumu ya mota yanayouzwa kama inchi 28 ni ya milimita 622. Tairi lako halitaingia. Breki zake za vyuma nazo hazishiki kwenye ringi ya aina nyingine, na hazikukusudiwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ukiwa na mzigo. Baiskeli ya gia ya mtumba, ya inchi 26, fremu na uma wa chuma, inapokea mota bila ugomvi. Uma wa alumini usiufunge mota ya mbele, unaweza kuvunjika. Fundi aweke pia kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke, la sivyo itakata waya siku moja ukiwa mbali na nyumbani.

Masika, tope la mbuga likijaa kwenye madigadi gurudumu linakwama na mota inaungua ikilazimishwa. Shuka, toa tope.

Wenye sola wajue kitu kimoja. Paneli ya wati 100 haitoshi kujaza wati-saa 360 kwa siku. Tafuta ya wati 150 au 200. Na jua linapowaka, baiskeli iko mjini. Paneli hiyo inapaswa kukaa juu ya bati la kibanda chako sokoni, si nyumbani.