Jino Lililotoboka: Kuziba, Kutibu Mzizi au Kung'oa?

Mji wa Mikumi uko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ilhali makao makuu ya wilaya yake yako Kilosa, mji wa reli. Kwa mkazi wa maeneo haya, jino linalouma humletea pia hesabu ya nauli na siku ya kazi itakayopotea. Ndiyo maana wengi huvumilia kwa vidonge vya kutuliza maumivu mpaka usingizi unapokatika kabisa, kisha hufika kituoni na ombi moja tu: jino ling'olewe. Ombi hilo linaeleweka, lakini mara nyingi hutolewa kabla mgonjwa hajajua kwamba zipo njia nyingine.

Uamuzi hutegemea maswali mawili: uozo umefika wapi, na sehemu gani ya jino imebaki nzima? Jino lina tabaka gumu la nje, chini yake tabaka la dentini, na katikati kiini chenye neva na mishipa ya damu. Uozo ambao haujakifikia kiini huleta maumivu mafupi, yanayoamshwa na maji baridi au sukari na kukoma mara moja. Jino la namna hii huzibwa. Maumivu yanayodumu, yanayokuja yenyewe au kumwamsha mtu usiku huashiria kwamba kiini kimeathirika, na kuliziba jino hilo juu juu ni kuufungia ugonjwa ndani.

Vifaa vya kuzibia vinavyotumika zaidi ni vitatu. Amalgamu ni imara na huvumilia unyevu, lakini ina zebaki. Chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, nchi wanachama zinapunguza matumizi yake, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Kompoziti hufanana na rangi ya jino na huondoa sehemu ndogo ya jino zima, ila huhitaji ukavu kamili na taa maalumu ya kuigandisha. Glasi ionoma hushikamana na jino lenyewe na kutoa floridi, ingawa huchakaa mapema pale tundu linapokuwa pana.

Glasi ionoma ndiyo inayotumika leo katika njia ya kuziba iliyoanzia nchini Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, mtaalamu kutoka Uholanzi aliyefanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kusafisha uozo kwa vifaa vya mkono pekee, bila mashine wala umeme, kisha kuziba tundu kwa saruji inayoshikamana na jino. Mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mengine. Kwa tundu dogo lenye upande mmoja, hata la gego la kudumu, matokeo yake ni mazuri. Mtoto wa kijijini anaweza kuhudumiwa shuleni au katika zahanati, mradi awepo tabibu wa meno mwenye ujuzi huo, na mara nyingi bila sindano ya ganzi.

Kiini kikishaathirika, jino huokolewa kwa matibabu ya mzizi: kiini huondolewa, mifereji husafishwa na kujazwa kwa kuongozwa na picha ya eksirei. Gego lililotibiwa hivyo hubaki dhaifu na huweza kupasuka lisipofunikwa kwa kofia. Kofia nayo huhitaji jino zima lenye kimo cha takriban milimita 2 juu ya fizi. Kazi hii huweza kudai safari zaidi ya moja. Kutoka Mikumi hadi mjini Morogoro ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Mkazi wa Kilosa, tangu mwaka 2024, anaweza pia kutumia treni ya umeme. Mgonjwa aambiwe mapema idadi ya safari na gharama yote, ikiwemo ya kofia.

Kung'oa ni tiba halali pale jino linapopasuka hadi mzizini, linapolegea sana, au mgonjwa anapoelewa njia zote na kushindwa kurudi kumalizia matibabu. Hata hivyo, pengo lina gharama yake: meno jirani huinama, la upande wa pili hushuka au kupanda, na jino bandia hudai fedha baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uvimbe wa uso au shingo, homa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza si mambo ya kungoja zamu ya kliniki. Mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino huweza kuziba njia ya hewa.

Kwa wengine wote, kabla ya kuketi kitini inafaa kuuliza: kiini bado ni kizima? Jino likizibwa, linatarajiwa kudumu kwa muda gani? Nisipotibiwa sasa, nini kitafuata? Na kama huduma haipo hapa, nipewe rufaa ya kwenda wapi? Tundu likiwa bado dogo, maswali hayo huwa na majibu mengi kuliko kung'oa.