Sailensa Iko Chini? Skrubu Isiguswe Kwanza

Ukitaka kujua afya ya ndai, usiisikize ikiwa mbio. Isikize ikiwa imesimama. Saa kumi na mbili jioni pale Jogoo Road, mat zimefunga kila upande, kuna Corolla one-ten imetulia tu kwa jam, injini hata huisikii. Kando yake kuna ingine inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, taa za dashibodi zinafifia, na dere ameweka mguu kwa mafuta juu anajua akiachilia tu, imezima. Ukimuuliza, atakushow, "Hii ni ya kitambo, ndio form yake." Zii, si umri. Sailensa, yaani mizunguko ya injini ukiwa umetoa mguu kwa mafuta, imeshuka, na kuna kitu imeishusha, na hicho kitu mtu anaweza kukipata Saturday moja asubuhi.

Nabonga sana sana kuhusu Corolla 100 na 110 juu mayut wengi wa Nairobi hizo ndio ndai zao za kwanza. Mia ilitoka Japan 1991, one-ten ikafuata 1995, na nyingi zenye ziko mtaani ni za injini ya 5A, cc 1498. Hiyo injini ni poa sana, ukiipea heshima itakuzeekea mikononi. Ikishapata moto, eysi ikiwa off na gia iko P ama nyutro, inafaa kukaa kwa mizunguko 700 hadi 850 hivi kwa dakika. Ikifika 500, utaisikia kwa kiti. Kumbuka one-ten kibao hazikuja na mshale wa kuhesabu mizunguko, so masikio yako ndio geji.

Na hii si story ya kuonea aibu dem akiwa kwa kiti cha mbele. Ndai ikizima ikiwa kwa mteremko, stelingi inakuwa nzito papo hapo, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, juu ile vakyum ya kusaidia mguu inatoka kwa injini yenyewe. Mse akianza kukanyaga-kanyaga kwa pressure, inaisha, na hapo mbele kuna mat imesimama kushusha abiria.

Sasa venye hukuwanga. Unapeleka ndai kwa base ya mafundi, unasema inazima. Fundi anafungua boneti, anatoa bisbisi, anazungusha skrubu yenye inashikilia kipepeo cha throto, ama anakaza kebo ya mafuta. Sailensa inapanda, ndai inanguruma, unalipa, unahepa. Dakika tano tu. Mimi hiyo kazi naikataa waziwazi. Kwa hizi Toyota, kuna switch ndogo ndani ya sensa ya throto yenye inaambia kompyuta, "dere ametoa mguu." Ukiacha kipepeo kimefunguka kidogo na skrubu, hiyo switch haifungi tena. Kompyuta inadhani bado umekanyaga, so inaacha kusimamia sailensa, na ukiteremka bila kukanyaga, petroli inaendelea kuingia badala ya kukatwa. Sasa ndai inakunywa zaidi, na ile shida ya kwanza bado imelala ndani.

Cheki vile mambo hufanya. Ukitoa mguu, kipepeo kinafunga. Injini bado inahitaji hewa, so kuna kanjia kadogo ka pembeni, na kwa hako kanjia kuna valvu yenye kompyuta inafungua na kufunga. Mafundi wengine wanaiita ISC, wengine IAC, kitu ni ile ile. Ukiwasha eysi, inafungua kidogo ndio injini isilemewe. Ukiwasha taa zote usiku, vile vile. Sasa fikiria miaka ishirini ya jam. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kupitia bomba la hewa, unachanganyika na vumbi yenye imepenya eya klina ya bei rahisi, na yote inaganda nyuma ya kipepeo na ndani ya hako kanjia. Nyeusi, nzito, inanata. Hewa inakosa pa kupita. Sailensa inashuka pole pole mpaka unaizoea, na kuzoea ndio mbaya zaidi.

So test ya kwanza haina gharama. Pasha injini moto mpaka feni ya radieta izunguke. Zima kila kitu, sikiza. Washa taa kubwa, sikiza. Washa eysi, sikiza tena. Zungusha stelingi ukiwa umesimama. Ndai yenye iko sawa inashtuka kidogo halafu inajipanga. Ikishuka na ikatae kurudi, valvu imekwama ama imejaa uchafu, na hapo ndio pa kuanzia.

Kusafisha ni kazi ya heshima, si ya haraka. Ngoja injini ipoe kabisa, juu kwa 5A kuna hozi za maji ya radieta zenye zinapita kwa throto bodi, na hiyo maji ikiwa moto itakuchoma vibaya. Toa bomba la hewa. Fungua kipepeo na kidole, uangalie nyuma yake. Ukikuta masizi, umeanza kupata jibu. Nunua mkebe wa dawa ya kusafisha throto, na mswaki wa zamani na kitambaa kisicho na nyuzi. Nyunyizia kitambaa, sugua, rudia mpaka chuma ionekane. Valvu yenyewe iko chini ya throto bodi, imeshikwa na skrubu zenye hupenda kukataa. Ukilazimisha na bisbisi mbaya, vichwa vitaisha, so hapo mwachie mtu ako na vifaa. Sehemu ya stima usiiloweshe. Gasketi ikiwa imechanika, weka mpya, usiibandike na gundi. Na hakuna fegi karibu, hiyo dawa inashika moto mbio.

Kwa ndai nyingi zenye nimeona, story inaishia hapo. Lakini kuna zile zinarudi kutetemeka, na hizo zinataka akili.

Kama mtetemo uko na mdundo, yaani inakosa pigo moja moja, hiyo ni misi, si hewa. Toa waya za plagi uangalie kwa visima. Kwa 5A plagi zinakaa ndani kabisa katikati ya kifuniko cha juu, na gasketi ya hicho kifuniko ikichoka, oili inajaa humo. Waya inaloa, cheche inatorokea pembeni, silinda moja inalala. Ndio ujue ni gani, usivute waya za plagi injini ikiwa inawaka, utapigwa shoti na unaweza kuua koili. Chomoa soketi ya injekta moja moja badala yake. Ile ukichomoa na injini haibadiliki, huyo ndio analala kazini. Cheki pia kepu na rota ya distributa, hizo huliwa na wakati.

Kuhusu hozi za vakyum, hapa wasee huchanganyikiwa sana. Kwa 5A yenye inapima hewa na sensa ya MAP, hozi ikipasuka mara nyingi sailensa inapanda, juu kompyuta inaona hewa imeongezeka na inaongeza petroli. Kwa Probox ya 1NZ, yenye inapima hewa mlangoni na sensa ya waya, ile hewa ya wizi haijahesabiwa, so mchanganyiko unakosa petroli na injini inashuka na kutetemeka. Dalili mbili tofauti, tundu ni lile lile. Mtu akikuambia hozi ndio imeshusha sailensa ya 110 yako, muulize amejuaje.

Kuna zawadi yenye hizi ndai za kitambo zilikuja nayo na mayut wengi hawaijui. Chini ya boneti, kwa nyingi, kuna kaboksi keusi kameandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 na kipande cha waya, uweke ufunguo on bila kuwasha injini, taa ya injini kwa dashibodi inaanza kukuongelesha. Ikimeta haraka haraka bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko. Ikimeta mbili, ikapumzika, ikameta mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni ile sensa ya vakyum, MAP, 41 ni sensa ya throto. Ukiona 51, usipanic, angalia kwanza kama uliacha eysi on ama gia haiko P. Soma majina ya matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya, tundu lingine linaweza kuchoma kitu.

Hiyo 22 inanipeleka kwa kitu inaniuma roho. Mafundi wengi wa hapa hutoa thamostati na kuitupa, ati Nairobi kuna joto, injini ipumue. Bila thamostati, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli nyingi na inapandisha sailensa. Fundi mwingine anasikia iko juu, anaishusha kwa nguvu. Siku umekaa jam ya masaa mawili na injini imepata moto kweli, sailensa inaanguka na unazima katikati ya barabara. Watu wawili wameharibu kitu chenye kilikuwa kizima, na wote umewalipa. Ndai yako kama haina thamostati, rudisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ukifika Kirinyaga Road, pale Grogan, kutafuta valvu ya mtumba, usinunue kwa macho. Linganisha soketi na ile yako. Ukiweza, ijaribu kwa ndai kabla doh haijatoka mfukoni. Na beba ile ya zamani usiiache, mara nyingi ikisafishwa vizuri inakuwa poa kuliko ya mtumba.

So next time uko gereji, ongea wa kwanza. Sema hivi: "Buda, safisha throto, angalia plagi, soma code, cheki thamostati. Skrubu usiiguse." Akikasirika, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.